Baridi Yabisi na Dawa Zake



Sisi watu wa pwani tuna jina moja kwa kila kinachouma kwenye viungo. Goti likivimba, kiuno kikikaza, vidole vikipinda, bega likikataa kunyanyuka, jawabu ni lile lile: baridi yabisi. Jina hili si la juzi. Yabisi maana yake ni kavu, na baridi pamoja na ukavu ni lugha ya ile tiba kongwe ya Wayunani waliyoipokea na kuikuza matabibu wa Kiislamu, akina Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037. Tiba hiyo ilipima kila mwili na kila chakula kwa mizani ya joto na baridi, umajimaji na ukavu. Mwili uliozidiwa na baridi na ukavu hukaza, na dawa yake ni kuupa kinyume chake, yaani joto na mafuta. Ndiyo maana mpaka leo bibi zetu wakisikia mtu analalamikia goti, mkono huenda kwenye chupa ya mafuta ya nyonyo.

Wazee walioliweka jina hili wana heshima yao. Lakini jina lenyewe lafanya kazi nyingine kimyakimya: lamwambia mgonjwa, hata kabla hajamwona tabibu, kwamba kilichomdhuru ni baridi na kitakachomponya ni joto. Nami naishi Mbeya.

Nilizaliwa Pangani mwaka 1956. Niliolewa na dereva wa malori ya njia ya Zambia, naye akanipeleka Iringa mwaka 1974. Kwa binti wa pwani ambaye hajapata kuvaa sweta, Iringa ya mwezi wa Juni ilikuwa mtihani. Majirani Wahehe walinisalimu "Kamwene," nami nikiitikia huku meno yanagongana. Mwaka 1981 tukahamia Mbeya, mji ulio mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza. Hapo ndipo tulipojenga, ndipo walipozaliwa wanangu wa mwisho, na ndipo alipozikwa marehemu mume wangu mwaka 2009, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Kwa zaidi ya miaka 30 nimekanyaga cherehani, na kila siku ya soko nikapanda na kushuka vilima vya mji huu na mtumba wa vitambaa kichwani.

Magoti yalianza kuniuma mwaka 2013. Maradhi haya hayavunji mlango. Huingia kama mgeni akaaye barazani kwanza. Leo waumwa ukishuka ngazi, kesho husikii kitu. Asubuhi goti limekaza, ukitembea kidogo lalegea, na jioni laanza tena. Kisha wagundua kwamba choo cha kuchuchumaa kimekuwa safari ya kutia nia, na kwamba ukikaa mkekani na wenzio msibani wangojea kwanza wote waondoke ndipo uinuke, usionekane jinsi unavyoshika ukuta.

Mwisho yakafika kwenye sala. Mwenye kusali sala tano husali rakaa 17 za faradhi kila siku, na ndani ya rakaa hizo mna sijda 34. Mwenye magoti mazima hazihesabu. Mimi nilikuwa nazihesabu, na wakati mwingine katikati ya Adhuhuri fikira yangu yote iko kwenye goti la kulia wala haiko kwa Mola wangu.

Hapo ndipo kaka yangu mkubwa aliponipigia simu kutoka Pangani. "Mdogo wangu," akasema, "hayo magoti yanaliwa na baridi ya huko. Uza nyumba, urudi nyumbani ukae juani. Hapa utapona bila hata kidonge." Alisema kwa mapenzi, na ndugu wote walikuwa upande wake. Lakini lilikuwa neno zito. Nyumba ile ndiyo mali niliyoachiwa. Mwanangu mmoja anaishi humo na wanawe. Kuuza nyumba ili kuikimbia baridi kwanza kunataka hakika kwamba mwizi ni baridi.

Nikamtazama dada yetu. Yeye ndiye mkubwa wetu sote, na hajapata kuishi mahali pengine ila Pangani. Jasho humtoka mwaka mzima. Naye magoti yake ni kama yangu, pengine mabaya zaidi, na vidole vyake vimefanya vinundu. Ikiwa baridi ya Loleza ndiyo iliyoyala magoti yangu, ya kwake yameliwa na nini?

Nilimwuliza swali hilo daktari hapa Mbeya, na nataka nieleze alivyonijibu kwa sababu alijibu kwa subira. Mwisho wa kila mfupa, pale unapokutana na mwenziwe, umevikwa gegedu, kitu cheupe chenye kuteleza, na baina yao mna ute mchache. Kwa miaka mingi gegedu hulika, mwili hujaribu kulitengeneza usifaulu sawasawa, mfupa huota vichomozo pembeni, na utando wa ndani ya kiungo huvimba. Zamani ilisemwa kwamba goti hulika tu kama tairi ya gari. Sasa yajulikana kwamba kiungo kizima ndicho kinachougua, pamoja na misuli inayokishika. Sababu zake ni umri, uzito wa mwili, kuumia zamani, kazi za kupiga magoti na kubeba mizigo, na urithi wa ukoo. Hapo nikamkumbuka marehemu mama yetu na mkongojo wake. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na maradhi haya, asilimia 60 yao wanawake, na goti ndilo lililoongoza kwa watu milioni 365. Wamo watu wa nchi za theluji na wamo watu wa nchi za jua kali.

Kuhusu baridi, wachunguzi hawakuafikiana. Wengine wameona maumivu yakizidi kidogo hali ya hewa inapobadilika, na wengine, kama wale wa Australia, walifuatilia wagonjwa wa magoti wasione uhusiano wowote. Kwamba baridi hulila gegedu, hilo halikuthibitishwa. Lakini kuna jambo moja ambalo baridi yalifanya, nami nimelishuhudia kwa miaka mingi huku nyanda za juu: yatukalisha. Ifikapo Juni na Julai, mzee mwenye magoti huwekewa kigoda karibu na jiko la mkaa, akatupiwa shuka begani, na kila akitaka kuinuka huambiwa na watoto wema, "Kaa, bibi, pumzika, usiingie baridini." Miezi miwili ya mapenzi kama hayo, na misuli ya mapaja imeyeyuka. (Na kwa kuwa nimelitaja jiko la mkaa: msilifungie chumbani mkalala nalo. Hewa yake haina harufu, nayo huua.)

Daktari aliniambia pia kwamba picha ya eksirei haisemi yote. Wako wenye picha mbaya wanaotembea bila shida, na wako wenye picha nzuri wanaolia usiku. Tena si kila baridi yabisi ni hii. Viungo vikivimba vikawa na moto, vidole vya mikono yote miwili vikakaza asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, mwili ukakonda au homa ikapanda, hayo ni maradhi mengine yanayotaka dawa zake mapema. Na kidole gumba cha mguu kikiwaka ghafla usiku mmoja, huenda ni jongo. Jina letu moja limeyafunika yote haya, na mtu hupoteza miaka akijipaka mafuta huku kiungo kikiharibika kwa kitu ambacho kina dawa hospitali.

Sasa tuje sokoni. Siku hizi neno lililoenea ni uteute. "Uteute wa magoti umekwisha," watu huambiana, kama vile mtu asemavyo mafuta ya taa yamekwisha kwenye taa. Basi ikiwa umekwisha, si utiwe mwingine? Hapo ndipo ilipozaliwa ile dawa ya kukata bamia, kuziloweka usiku kucha katika bilauri ya maji na kunywa asubuhi, kwa kuwa bamia huteleza na goti nalo lataka kuteleza. Hapo ndipo supu ya makongoro ilipopandishwa cheo. Bamia ni mboga njema, na makongoro ni supu njema, khasa alfajiri ya Julai, wala simkatazi mtu. Lakini tumbo husaga kila kinachoingia, na ute wa bamia hauna njia ya kwenda gotini ukiwa ute. Vile vidonge ghali vya glukosamini vinavyoletwa kutoka ng'ambo navyo vilipimwa Marekani kwa wagonjwa 1,583, na majibu yakatolewa mwaka 2006. Kwa jumla yao, waliovimeza hawakupata nafuu ya maana kuwazidi waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hayo hasara yake ni fedha tu. Ziko hasara nyingine. Nina shoga yangu Iringa, tuliyezaa pamoja na kulea pamoja, ambaye alinunua unga wa miti shamba kwa mtu aliyekuwa na kipaza sauti karibu na kituo cha mabasi. Siku ya nne alipanda kilima kwenda kwa bintiye bila fimbo. Sote tulisikia habari hizo kwa simu tukastaajabu, naye kwa wema wake akanitumia nusu kopo kwa basi. Mimi nakunywa dawa za shinikizo la damu, na desturi yangu ni kumwuliza daktari kabla sijachanganya kitu, basi kopo likakaa kabatini. Miezi mitatu baadaye uso wa shoga yangu ulikuwa umevimba ukawa duara kama mwezi, ngozi ya mikono imekuwa nyepesi yenye mabaka, na sukari imepanda ambayo hakuwa nayo. Kisha unga ukamwishia, na muuzaji alikuwa ameshahama. Akaacha kwa ghafla. Siku chache tu, akaanguka chini akitapika, hana nguvu hata ya kunyanyua kikombe, akakimbizwa hospitali. Waliomtibu walimwambia wanashuku kwamba ndani ya unga ule mlisagwa vidonge vya steroidi. Dawa hizo huzima uvimbe na maumivu kwa siku chache, ndiyo sifa yake, lakini mwili ukizizoea huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na zikikatwa ghafla mtu aweza kufa. Mwenyezi Mungu alimwokoa. Mpaka leo wako wanaomwuliza yule muuzaji alikwenda wapi, kwa sababu "dawa yake ilikuwa kali."

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na lipo Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Lakini sheria haipandi basi na kila kopo. Mimi nimejiwekea kipimo changu: mti shamba uondoao maumivu ya viungo vyote ndani ya siku mbili tatu, kwa kila mtu, nautilia shaka kwamba si mti.

Wala dawa za dukani si maji. Diklofenaki hununuliwa kama pipi, na wako wanaochomwa sindano yake kila Ijumaa ili wapate kwenda msikitini. Hupunguza maumivu, sikatai. Lakini hutoboa tumbo, huchosha figo, hupandisha shinikizo la damu na huudhi moyo, na wanaoihitaji ni wazee, ambao ndio wenye matumbo, figo na mioyo isiyostahimili. Ile ya kupaka juu ya goti ina salama zaidi, nami hutumia hiyo siku mbaya. Panado nafuu yake kwa magoti ni ndogo. Kuumikwa ni jambo lenye asili katika dini yetu, nami nimeumikwa mara kadhaa, nikapata wepesi wa siku chache, na hapo ndipo lilipoishia. Mafuta ya habasoda nampaka dada yangu kila niendapo Pangani, kwa sababu mkono wa ndugu ukikanda goti hupunguza uchungu, hata mafuta yangekuwa ya kupikia.

Sindano za steroidi zinazochomwa na daktari ndani ya goti lenyewe ni habari nyingine, kwani huko dawa yajulikana na kipimo chake kimeandikwa. Hutuliza kwa majuma kadhaa. Lakini mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 140 wa Marekani ambao nusu yao walichomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili: maumivu yao hayakupungua kuwazidi waliochomwa maji ya chumvi, na gegedu lao lililika zaidi. Na kabla ya hapo, mwaka 2002, mjini Houston, wagonjwa 180 waligawanywa. Wengine wakasafishwa goti kwa darubini, wengine wakachanjwa ngozi tu na kushonwa, bila kujua. Baada ya miaka miwili walikuwa sawa sawa.

Yote haya yananirudisha kwenye hadithi ambayo tumeisikia tangu chuoni. Mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute dawa, naye akawaamrisha watafute, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila aliyawekea dawa, isipokuwa moja, nalo ni uzee. Nimeufikiria sana uvuaji huo. Nabii Zakaria (a.s.) naye, alipomwomba Mola wake mtoto, alianza kwa kutaja udhaifu wa mifupa yake. Basi haya magoti yangu ni maradhi au ni uzee? Ikiwa ni maradhi, nizunguke nchi nzima nikitafuta. Ikiwa ni uzee, nikae kigodani nisubiri.

Mimi naona yamechanganyika. Gegedu lililokwisha kulika, hakuna aliyelirudisha, si kwa bamia wala kwa sindano, na hapo namwachia Mwenyezi Mungu. Lakini udhaifu wa paja langu si uzee. Huo ulitokana na kukaa, na kilichotokana na kukaa kina dawa.

Dawa hiyo nilipewa na binti mmoja wa Rungwe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye umri wake ni kama wa mjukuu wangu. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia ninyooshe mguu, nikaze paja, nihesabu mpaka kumi, niushushe polepole. Mara kumi mguu huu, mara kumi ule. Kisha ninyanyuke kitini bila kushika kitu, nikae tena. Kisha nitembee mahali tambarare kila siku, nianze na dakika kumi. Nikamwuliza, "Na dawa, mwanangu?"

"Ndiyo hiyo, bibi," akasema. "Goti lako halina mlinzi. Paja ndilo mlinzi wake."

Nitasema kweli, majuma mawili ya kwanza misuli iliniuma mpaka mwanangu akataka niache. Binti yule alikuwa ameshanionya: maumivu yakizidi kidogo na kutulia siku ya pili hayana neno, yakizidi na kubaki, punguza. Mnamo wiki ya sita nilishuka ngazi za soko na mkoba mkononi, nikafika chini ndipo nikatambua kwamba sikushika ukuta. Baadaye nikajua kwamba madaktari wa nchi nyingi, wanapoandika mwongozo wa maradhi haya, huanza na mambo haya matatu: mgonjwa aelezwe maradhi yake, afanye mazoezi, na apunguze uzito ikiwa umezidi. Vidonge huja nyuma. Lakini hakuna asimamaye stendi ya mabasi na kipaza sauti akiuza kunyanyua mguu. Halina kopo, halina lebo, hakuna apataye hata senti ukilifanya, na kwa hiyo hakuna akukumbushaye.

Uzito nao nilipimwa, kilo 86. Wachunguzi wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja ipunguayo mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Nimepunguza kilo tisa kwa mwaka na nusu, basi kila nikanyagapo goti limetuliwa kilo 36, uzito wa mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi. Haikuwa kazi rahisi kwa mtu wa pwani aliyelelewa kwa tui, tena anayeishi karibu na Kyela, ambako mchele una harufu ya kumtoa mtu kwenye nia yake. Sikuacha wali. Nimeacha kurudia sahani, na chai ya maziwa yenye sukari nne nimeifanya ya rangi.

Fimbo pia nimeichukua, na hapa wengi hawajui: fimbo hushikwa kwa mkono wa upande usiouma. Goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto.

Na sala. Naandika haya kwa uangalifu, kwani mimi si mwanachuoni, lakini nimewauliza wenye elimu. Imran bin Huswain (r.a.) alikuwa mgonjwa, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala yake, naye akamfundisha asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ruhusa ipo, tena imepangwa kwa daraja. Naona makosa ya namna mbili misikitini kwetu. Wako wanaoona haya kukaa kitini, wakajilazimisha sijda mpaka wakaanguka. Na wako waliokwisha kukipenda kiti, wakakaa tangu takbira mpaka salamu, ilhali wametoka nyumbani kwa miguu na baada ya sala watasimama nje nusu saa wakizungumza. Niliyoambiwa kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba awezaye kusimama asimame katika kisimamo chake, awezaye kurukuu arukuu, na kile tu asichokiweza ndicho akifanye kwa ishara, sijda ikiwa chini kuliko rukuu. Kila mtu amwulize shekhe wake kwa hali yake. Mimi kwa sasa nasimama, narukuu, na sijda nafanya kitini siku za maumivu. Siku njema, na si chache, paji la uso lagusa mkeka. Kule kusimama na kukaa kwa kila rakaa, yule binti wa Rungwe aliponiona nikifanya, aliniambia tayari ni sehemu ya mazoezi yangu.

Limebaki suala la kisu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, hubadilisha magoti, na daktari wangu alinieleza habari zake mapema ili nisije nikaamua kwa pupa. Goti hukatwa sehemu zilizoharibika, likawekwa la chuma na plastiki. Katika hesabu kubwa zilizochapishwa mwaka 2019, takriban magoti nane kati ya kumi yaliyobadilishwa yalikuwa yangali yakifanya kazi baada ya miaka 25. Hiyo ni neema kubwa kwa ambaye usiku halali na mchana hafiki chooni. Lakini ina hatari zake za uchafu kuingia kidondani na damu kuganda, inataka miezi ya mazoezi baadaye, na kwetu ni safari ya zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam. Na kuna jambo ambalo Muislamu aulize kabla hajatia saini: goti jipya mara nyingi halikunji mpaka mwisho. Wengi hutembea vizuri nalo lakini hawakai tena kikao cha tahiyatu, na wengine hawapigi magoti kabisa. Mtu akifanya upasuaji kwa sababu ya sijda peke yake, huenda akaamka na kiti chake kikiwa bado kinamngoja.

Tulikaa na wanangu tukakubaliana. Bima naendelea kuilipia. Maumivu yakininyima usingizi kwa miezi, au nikishindwa kujihudumia chooni na jikoni licha ya mazoezi, barua ya rufaa itaandikwa na wao watachanga kilichopungua. Hatujafika hapo. Nyumba haikuuzwa.

Kaka yangu hakupendezwa. Alikuja Mbeya Julai iliyopita kwa harusi ya mjukuu wangu, amevaa makoti mawili, akashuka ndani ya basi akiwa ameshika kiuno, na magoti yake nayo, ambayo hakuwa amenitajia kwenye simu, yakawa hayamtaki. Siku mbili alikaa na jiko. Siku ya tatu alinikuta ukumbini baada ya Alfajiri nikinyoosha miguu na kuhesabu. Akavuta kiti kingine, akanyanyua mguu mmoja, akaniuliza afike ngapi.

"Kumi," nikamwambia. "Usizuie pumzi."